Mbuni Kamwona Mbuni

Barua iliyonikabidhi kazi ile iliniita "mbuni wa maudhui". Nilimsomea mke wangu, naye bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua akaniuliza kama manyoya yameshaanza kuota. Tulicheka. Sikujua kwamba neno hilohilo, mbuni, lingekuja kunifedhehesha mbele ya wanafunzi, wala kwamba fedheha hiyo ingenifunza mengi kuliko vitabu nilivyokuwa nimevisoma juu ya ufundishaji wa mtandaoni.

Kazi yenyewe ilikuwa kutayarisha somo la arudhi ya ushairi wa Kiswahili kwa watu wasioweza kukaa darasa moja. Waliojiandikisha walitoka pande nyingi: walimu wa sekondari wa Tanga na Morogoro, muuguzi wa Mombasa, vijana wawili wa Bujumbura, bibi mmoja wa Maskati ambaye Kiswahili chake ni cha nyumba ya wazazi waliohama Zanzibar, na dereva wa malori aliyeko Minnesota, ambaye alisoma akiwa ameegesha gari kando ya barabara kuu. Alikuwamo pia mzee mmoja wa Pangani, mwenye miaka sabini na ushei, ambaye alianza kutunga kabla mimi sijazaliwa. Alipoulizwa kwenye fomu kwa nini anataka kujifunza arudhi, alijibu kwa maneno matatu: "Nataka kujua mnavyoifundisha." Ningekuwa na busara ningelisoma jibu hilo mara mbili.

Toleo la kwanza la somo halistahili maneno mengi. Nilijirekodi nikihutubia kwa dakika arobaini, mara sita, nikaziweka video hizo mtandaoni pamoja na kurasa za maelezo, na mwisho wa kila mada nikaweka maswali kumi. Kwa kifupi nililichukua darasa langu la ubaoni nikalitia ndani ya kisanduku. Muuguzi wa Mombasa aliniandikia kwa adabu kwamba video moja inamlia bando la siku mbili, na kwamba hata akiitazama yote haoni mahali pa kuuliza. Wengine hawakuandika kitu. Walinyamaza tu, na kunyamaza kwa mwanafunzi wa mtandaoni ni sawa na kuondoka, maana huoni hata kiti alichokiacha wazi.

Ndipo nikaambiwa niyafanye maudhui yawe "shirikishi". Neno hilo nalo lilinichukua jioni nzima ya mabishano na wenzangu. Wapo wasemao "maudhui ya maingiliano", lakini kitenzi kuingiliana kina maana nyingine ambayo mwalimu mwenye kujiheshimu hapendi kuitamka mbele ya wazee. Shirikishi linafaa, ila naliona limepoa. Mtu aweza kushirikishwa jambo huku anasinzia. Mimi nilipendekeza "maudhui ya kujibizana", kwa kuwa kujibizana kuna pande mbili na kila upande una ulimi wake. Pendekezo langu halikupita, na nakiri kwamba hata mimi niliyelitoa sikuwa nimelielewa bado.

Jukwaa letu lilikuwa Moodle, na ndani yake niliitumia H5P, zana huria inayomwezesha mwalimu asiyejua kuandika programu kutengeneza mazoezi ya kuburuta maneno, kujaza mapengo, kugeuza kadi, na hata kuisimamisha video katikati ili swali lichomoze. Nililewa. Kwa miezi miwili sikufanya jambo jingine. Nilitengeneza zoezi la kuburuta vina hadi kwenye mikia ya mishororo, zoezi la kupanga mishororo minne iliyotawanywa, kadi za istilahi, kwamba ukwapi ni kipande cha kwanza na utao ni cha pili, na nishani za rangi: Chipukizi, Mtunzi, Malenga. Aliyepata yote alimwagiwa vipande vya karatasi za rangi kwenye skrini, kama bibi harusi anavyomwagiwa maua.

Juu ya hayo yote tukaweka kikokotoo cha mizani. Kijana mmoja, fundi wa programu, aliniambia: "Mwalimu, nipe kanuni, nami nitaifanya mashine ihesabu." Nikampa. Kila irabu ni mizani moja. Ongeza mizani moja kwa kila m inayofuatwa na konsonanti, kama katika mtu, mlango, mpya; lakini usiiongeze kwenye mwa na mya, wala kwenye mb, kwa sababu mb huungana na irabu iliyo mbele yake, kama mbali, mbegu, mbele. N nayo usiihesabu peke yake, katika nd, ng, nj na nz. Kisha nikampa orodha fupi ya maneno yaliyozikaidi kanuni hizo, ambayo kila mtoto wa shule huyajua kwa kuyaimba: mbu, mbwa, nchi, nne, nge, nta, nzi. Nilidhani nimeziba kila tundu. Mwanafunzi angeandika mshororo wake, angebofya, na papo hapo kila kipande kingepakwa rangi: kijani kikiwa na mizani nane, nyekundu kikipungua au kikizidi. Na kwa kuwa nilitaka watu wajifunze kwa dhati, nilifunga mlango: asiyepata kijani hapiti kwenda mada inayofuata.

Ilipendeza mno. Alama zilipanda. Karibu kila mmoja akawa Malenga kabla ya wiki ya tatu, nami nikaandika taarifa ndefu ya kujisifu kwa walionipa kazi.

Katika mada ya nne niliwataka watunge ubeti mmoja mmoja, kwa maneno yao wenyewe, juu ya jambo la mtaani kwao lililoanzwa likashindikana. Beti zikaja. Ndugu zangu, zilikuwa guni za kusikitisha. Vina vilikuwapo, mizani nane kwa nane ilikuwapo, lakini ulizisoma kwa sauti ukahisi unapanda ngazi ambayo kila kipago chake kina urefu tofauti. Watu waliopata kumi kwa kumi katika kuburuta vina hawakuweza kusikia kwamba mshororo wao umevunjika mguu.

Sababu yake niliiona kwa bahati tu. Jirani yangu alikuwa na mgeni kutoka Ureno, kijana aliyekuwa na wiki moja nchini na asiyejua zaidi ya "asante" na "maji". Alinikuta kibarazani na kompyuta, akataka kujua ninafanya nini, nami kwa mzaha nikampa zoezi langu la vina. Akalitazama, akaona maneno manne yanaishia kwa mbo na manne kwa le, akayaburuta yote mahali pake. Kumi kwa kumi. Karatasi za rangi zikammwagikia. Aliniuliza kwa Kiingereza kama sasa yeye ni mshairi wa Kiswahili.

Tangu siku ile nina kipimo kimoja cha zoezi la lugha, na nimewapa walimu wenzangu: mpe mtu asiyeijua lugha hiyo. Akilishinda, basi zoezi lako halifundishi lugha, linafundisha macho kutafuta herufi zinazofanana. Mazoezi yangu mengi yalianguka kwenye kipimo hicho. Wanafunzi walikuwa wakibofya, wakiburuta, wakigeuza. Vidole vilikuwa na shughuli nyingi kweli. Masikio yalikuwa likizoni.

Hilo lilikuwa pigo dogo. Kubwa lilikuja wiki ileile, nilipogundua kwamba Mzee wa Pangani hajapita mada ya nne. Ubeti wake ulikuwa umewekwa mara tatu bila kubadilishwa hata nukta, na mara zote tatu mashine ilikuwa imempaka nyekundu. Ulikuwa huu, baadaye alinipa ruhusa ya kuuonyesha:

Mbuni wa hili jambo, hakuyajua ya mbele,
Alilipamba kwa pambo, asitazame la kale,
Sasa limekwenda kombo, halisogei li pale,
Ni nani wa hili fumbo, alifumbue tulale?

Alikuwa na soko la mtaa wao akilini, jengo zuri ambalo hakuna auziaye kitu ndani. Chini ya kipande cha kwanza mashine ilikuwa imemwandikia: "Mizani 7. Jaribu tena, unaweza!" Alama hiyo ya mshangao niliitia mimi kwa mkono wangu.

Nilimpigia simu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwalimu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, Mzee. Naona hukuendelea na somo."

"Nitaendeleaje, mwanangu, nami sijui kuhesabu? Mashine yako imenikataza. Si mara moja, mara tatu. Nikasema labda ni macho yangu, nikamwita mjukuu. Naye ikamkataza."

Nilianza kumweleza kwa upole kwamba pengine kipande cha kwanza kimepungua mizani moja. Hakunijibu. Nilisikia kitu kikigongwa juu ya meza, pole pole, na sauti yake ikifuata kila pigo: "M. Bu. Ni. Wa. Hi. Li. Ja. Mbo." Kisha kimya. Kisha akasema: "Mimi nimegonga mara nane. Sasa huyo mbuni wa mashine yako ni yupi? Yule wa kukimbia?"

Wapenzi wa lugha mmekwisha kuona. Ndege yule mkubwa ni mbu-ni, mizani mbili. Mtu abuniye ni m-bu-ni, mizani tatu, kwa kuwa ile m ni kiambishi cha mtu aliyetokana na kitenzi buni, nayo hutamkwa peke yake. Mbuni, mmea wa kahawa, nao ni mizani tatu. Herufi ni zilezile tano, na hakuna kanuni ya herufi itakayozitenga. Na si neno hilo peke yake. Mtu mbaya ni m-ba-ya. Njia mbaya ni mba-ya. Mti mbovu una mizani moja zaidi ya nyumba mbovu. Mbunge, mbishi, mbeba mizigo, wote hao mashine yangu ilikuwa imewapunguzia mizani kimyakimya. Mimi niliyefundisha ngeli miaka yote hiyo nilikuwa nimeiandika kanuni ya mb kwa kutazama karatasi, wala sikuitamka hata mara moja. (Sijataja labda na daktari, ambayo watunzi ninaowafahamu huyahesabu kwa namna mbili, na kila mmoja humwona mwenzake ndiye mwenye guni.)

Nilimwomba Mzee radhi. Alinisamehe upesi, kwa namna ya wazee, yaani alibadilisha mazungumzo akaniuliza habari za watoto. Lakini kabla ya kukata simu alisema: "Mimi ni mtu mzima, mwanangu, najua ninachokijua. Wangapi wengine imewaambia hivyo, wakaiamini?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nilifungua kumbukumbu za jukwaa, ambazo huhifadhi kila jaribio la kila mwanafunzi, na nikaanza kusoma majaribio yaliyokataliwa. Muuguzi wa Mombasa alikuwa ameandika "Mbishi hapati kitu". Gonga meza, utapata nane kamili. Mashine ikamwambia saba. Dakika sita baadaye akaandika "Mbishi hatapata kitu", mizani tisa, kipande kinachochechemea, na mashine ikampa kijani. Nikaendelea kusoma. Huyu ameongeza "na" isiyo na kazi. Yule ameling'oa neno "mbeba" akaweka "mchukuzi", na picha nzuri aliyokuwa nayo ikafa. Mmoja wa vijana wa Bujumbura alikuwa na kipande kizuri kuliko vyote, akakibadilisha mara nne mpaka kikawa kibaya, kisha akapewa nishani.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mwalimu wa darasani akikosea, yupo mwanafunzi wa nyuma atakayeguna. Mashine haigunwi. Kijani yake ina utulivu wa hukumu, na mwanafunzi aliye peke yake usiku, na simu mkononi, hulikanusha sikio lake mwenyewe kabla ya kuikanusha skrini. Nilikuwa nimetengeneza chombo cha kuwafundisha watu wasijisikilize.

Nilikifunga kikokotoo siku hiyohiyo, nikawaandikia wote kuwaeleza kosa langu, nikamrudishia kila mmoja kipande chake cha awali. Kisha nikakaa wiki mbili bila kubuni chochote.

Katika wiki hizo nilikwenda kwa dada yangu, na jioni moja nikawakuta watoto wake na wa jirani wakitegana vitendawili gizani, umeme ukiwa umekatika. Mmoja akatega. Wengine wakajibu, wakakosea, wakacheka, wakakosea tena. Mtegaji hakuwapa jibu. Akataka mji. Wakampa Korogwe, akaukataa. Wakampa Dodoma, akaukubali, akaenda nao Dodoma kwa maneno, akala, akanywa, akasifu, na mwisho ndipo akalifungua fumbo. Nimeishi na mchezo huo tangu utotoni na sikuwahi kuutazama kama mwalimu. Tazama ulivyojengwa. Hakuna anayetegewa kabla hajasema yu tayari. Kukosea ni kwa sauti, mbele ya wenzako, na hakuna aibu ndani yake, kwa sababu makosa ndiyo utamu wa mchezo. Kushindwa kuna gharama, lakini gharama yenyewe ni mji, na miji tunayo mingi. Jibu halitolewi upesi. Huachwa mpaka kila mtu awe analitamani. Na likishatolewa, mtoto halisahau, akiwa hai.

Nilipokuwa nikisoma vitabu vya kazi hii nilikutana na uchunguzi wa wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, uliochapishwa mwaka 2006. Wanafunzi walipewa vifungu vya kusoma. Baadhi wakavisoma tena, wengine wakatakiwa kuvikumbuka bila kuvitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki 1 mambo yalipinduka: waliohangaika kukumbuka ndio waliobaki na kitu. Nilikuwa nimepigia mstari ukurasa huo kwa kalamu nyekundu na nisijue kwamba bibi zangu walikuwa wameshaujengea nyumba.

Na si vitendawili tu. Ushairi wetu wenyewe umezoea kujibizana kwa mbali. Muyaka wa Mombasa alirushiana tungo na washairi wa Lamu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi ambamo mtu wa Tabora angeuliza swali kwa beti, na mtu wa Lindi, asiyemjua kwa sura, angemjibu. Walisubiriana kwa wiki na miezi, barua zikisafiri kwa treni na meli. Kisha Mathias Mnyampala akatupa ngonjera, tungo ambazo wahusika wake hubishana hadi mmoja amzindue mwenzake; kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake. Watu hao hawakuwa na kitufe hata kimoja. Mimi niliyekuwa na vitufe kumi na vinne nilikuwa nimeunda mahali ambapo mwanafunzi hakutani na mtu.

Basi nikaanza upya, safari hii kwa woga.

Kikokotoo kimerudi, lakini kimevuliwa ujaji. Zamani kilisema "Mizani 7". Sasa kinasema: "Mimi nimegawa hivi: mbu-ni-wa-hi-li-ja-mbo. Wewe umegawaje?" Mwanafunzi hugusa skrini mahali anapokata mwenyewe, na mgawo wake ukitofautiana na wa mashine, mashine humtaka arekodi sauti yake akiusoma mshororo huku akigonga kitu. Kijani na nyekundu hazipo tena. Kila neno lenye mb mwanzoni huulizwa swali: ni mtu, mti, ndege, au sifa? Ikiwa ni sifa, inasifu nini? Fundi wangu alilalamika kwamba programu sasa inauliza kuliko inavyojibu. Nilimwambia nimeridhika nayo hivyo.

Sauti hizo hupelekwa kwa mwanafunzi mwingine, ambaye haoni maandishi. Yeye husikiliza tu, akahesabu mapigo, akaandika anachokisikia. Zoezi hili ndilo nililolipenda kuliko yote, na halihitaji ujanja wowote: faili la sauti la nusu dakika ni jepesi, muuguzi wa Mombasa hulipakua akiwa kwenye matatu. Dereva wa Minnesota hurekodi ndani ya gari, na nyuma ya mizani yake unasikia injini ya lori likipita. Bibi wa Maskati, ambaye maandishi yake ya Kiswahili yalikuwa yamejaa makosa na ambaye katika toleo langu la nishani hakuwahi kuvuka Chipukizi, alitokea kuwa ndiye mwenye sikio kali kupita wote. Hakukosea mshororo hata mmoja kwa wiki tatu. Nilipomuuliza, alisema mama yake alikuwa akimwimbia akiwa mdogo, na kwamba hajawahi kuziona nyimbo hizo zimeandikwa popote. Somo langu la kwanza lilikuwa limempima mwanamke huyo kwa kitu pekee asichokuwa nacho.

Majibu ya kuchagua sikuyaacha kabisa, ila siyatungi tena kichwani. Zamani, nikitaka majibu matatu ya uongo, niliyabuni kwa haraka, na mwanafunzi aliyatambua kwa upuuzi wao. Sasa nayachota kwenye makosa halisi ya wanafunzi waliotangulia, na kila kosa lina maelezo yake: aliyechagua hili huenda aliichukulia mb kuwa ya ndege, aliyechagua lile alihesabu mwa kama mizani mbili. Mwanafunzi akikosea hukuta mtu mwingine alishapita hapo.

Mada ya mwisho ni ngonjera ya wawili wawili. Mmoja hutuma ubeti wenye swali. Mwenzake ana siku mbili za kujibu kwa vina vilevile, na asipojibu hutoa mji. Miji hiyo hupangwa kwenye ramani. Ni mchezo wa kitoto, najua, na mmoja wa walimu wa Morogoro aliniambia hivyo wazi, halafu akapoteza Kilosa, Mvomero na Ifakara kwa kijana wa Bujumbura ndani ya mwezi mmoja, akawa anaamka usiku kutunga ili avirudishe.

Sitaki msomaji adhani kwamba yote yamenyooka. Wapo walioondoka kwa sababu nishani zimeondolewa. Walizipenda kweli, na sina haki ya kuwacheka. Mimi mwenyewe sasa husikiliza sauti kila Jumamosi toka asubuhi hadi adhuhuri, kazi ambayo mashine ilinipunguzia kwa kunidanganya. Na walionipa kazi huniuliza kila mwezi mbona hakuna alama za kujumlisha kwenye jedwali lao. Nawapelekea ubeti. Hawajafurahi bado.

Mzee wa Pangani hakujiandikisha tena. Alisema amekwisha kuona tunavyoifundisha. Lakini alikubali kuwa mshindani wa ngonjera kwa yeyote anayetaka, na wiki iliyopita aliwatumia wanafunzi wote kipande kimoja tu, kwa sauti ya mjukuu wake, akimkataza asigonge meza wala asituame popote:

Mbuni kamwona mbuni.

Chini yake akaandikisha: "Kipande hiki kina mizani nane. Nani kamwona nani?"

Niliipa mashine, nayo ikauliza mara mbili: mbuni huyu ni mtu, mti, ndege? Wanafunzi wakaingia vitani. Muuguzi alisema wa kwanza ni mtu na wa pili ni ndege, m-bu-ni-ka-mwo-na-mbu-ni, nane. Mwalimu wa Tanga akasema la, ndege ndiye aliyemwona mtu, mbu-ni-ka-mwo-na-m-bu-ni, nane vilevile. Kijana wa Bujumbura, ambaye kwao wanalima kahawa, alileta mbuni wa kahawa. Bibi wa Maskati akamjibu kwamba mti hauwi "kamwona", ungekuwa "kauona", na huo ukawa mwisho wa kahawa. Wakiwa ndege wote wawili, mizani ni saba. Wakiwa watu wawili, ni tisa. Nane inasema tu kwamba mmoja ni mtu na mwenzake ana manyoya, na haisemi ni yupi aliyetangulia kumwona mwenziwe. Wamebishana siku nne. Dereva wa Minnesota ametunga beti tano za kuutetea upande wa ndege.

Kwenye jukwaa, kila swali lina kisanduku cha jibu sahihi, na programu hailitangazi swali kisanduku kikiwa kitupu. Ilibidi nimpigie Mzee ili nijue nijaze nini. Akacheka, akasema: "Nipe mji."

Nikampa Pangani. Akanijibu kwamba Pangani ni kwao tangu zamani, nitafute mwingine.